Peremende ya Kwinsi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwinsi ni tunda gani hasa?

Peremende ya kwinsi ni bonge tamu la tunda hili lililopikwa na sukari hadi likatike kwa kisu. Kwinsi lenyewe ni tunda la mti mdogo ambao wataalamu wa mimea huuita Cydonia oblonga, ulio katika ukoo mmoja na mtufaha, mpeasi na mwaridi. Asili yake ni nchi zinazoizunguka milima ya Kaukazi pamoja na kaskazini ya Irani, na hadi leo Uturuki imo miongoni mwa nchi zinazovuna kwa wingi kabisa duniani. Lina umbo la peasi kubwa lenye manundu, ngozi yake hugeuka manjano linapoiva, na juu ya ngozi hiyo kuna malaika ya kijivu yanayotoka ukiyapangusa kwa kidole. Harufu yake ni nzito na tamu kiasi kwamba katika nchi za Balkani watu huyapanga matunda haya juu ya kabati, na Hispania wengine huyaweka kati ya mashuka yaliyokunjwa, ili chumba na nguo vinukie hata kabla ya mtu yeyote kuwasha jiko.

Waarabu huliita safarjal, Wairani beh, Waturuki ayva, Wareno marmelo na Wahispania membrillo. Majina haya yanamfaa anayelitafuta sokoni ughaibuni, kwa sababu mara nyingi huuzwa katika maduka ya Waturuki, Wairani na Waarabu kabla ya kuonekana katika maduka makubwa. Msimu wake katika nchi za kaskazini ni kuanzia Septemba hadi Novemba, na katika nchi za kusini kama Argentina, Chile na Afrika Kusini ni kuanzia Machi hadi Mei. Pwani ya Afrika Mashariki mti huu haustawi, kwa kuwa huhitaji majira ya baridi ya kweli ndipo uchanue vizuri.

Kwa nini hupikwa badala ya kuliwa bichi?

Anayeliuma bichi hukuta nyama ngumu, kavu, yenye chembechembe, na ukakasi unaokaza ulimi na fizi. Zipo aina chache laini ambazo watu wa Uturuki na Irani huzila bichi, lakini sehemu kubwa ya mavuno hupelekwa jikoni.

Ukakasi huo hutoka kwenye tanini, kemikali za asili za tunda, na moto huupunguza sana. Jambo lililolifanya tunda hili liwe peremende, hata hivyo, ni pektini, ambayo ni kitu cha asili kinachozishikilia pamoja chembe za tunda. Pektini ikiyeyuka katika maji ya moto, kisha ikakutana na asidi na sukari nyingi, hufanya utando mwembamba unaoyanasa maji, na rojo likipoa huganda. Matunda mengi hayana pektini ya kutosha kufika hapo bila kusaidiwa. Kwinsi linayo tele, na asidi yake yenyewe karibu inatosha, hivyo mpishi hahitaji unga, wanga, mayai wala kigandishi chochote. Tunda, sukari na uvumilivu mbele ya jiko vinatosha, na hiyo ndiyo sababu ninaitazama kwa mashaka kila lebo yenye viungo zaidi ya vinne.

Rangi nyekundu hutoka wapi, ilhali nyama ya tunda ni nyeupe?

Hutoka kwenye tanini zile zile. Molekuli zake zimeungana katika minyororo isiyo na rangi. Joto la muda mrefu pamoja na asidi huikata minyororo hiyo, na baadhi ya vipande hugeuka kuwa anthosianini, jamii ile ile ya rangi inayoifanya juisi ya rozela kuwa nyekundu. Mabadiliko haya huonekana kwa macho. Mwanzoni rojo huwa na rangi ya krimu. Baada ya muda waridi hafifu hujitokeza kwenye kingo za sufuria, mahali penye joto zaidi, na kila mwiko unapopita waridi hilo huchanganyika na kusambaa. Kisha rojo zima huwa la rangi ya chungwa iliyokolea, na mwishowe jekundu linaloelekea hudhurungi. 

Kwa hiyo rangi hutegemea muda wa kupika, kiasi cha asidi na aina ya mkwinsi, na peremende yenye rangi hafifu si lazima iwe imepikwa vibaya. Viwanda vingine huongeza rangi ili kila bonge lifanane na jingine, jambo ambalo lebo inapaswa kulionyesha.

Inatofautianaje na jemu, na je, ni aina ya halua?

Jemu huachwa na maji ya kutosha ili ichoteke kwa kijiko na kupakwa juu ya mkate, wakati peremende ya kwinsi huendelea kupikwa hadi ikatike kwa kisu na kipande kisimame chenyewe juu ya sahani.

Halua ya Zanzibar na ya Oman ni kitu kingine kabisa. Mwili wa halua hutokana na wanga, na mng'ao wake hutokana na samli, pamoja na iliki na zafarani zinazoipa harufu. Peremende ya kwinsi haina tone la mafuta, haivutiki, na ladha yake ina uchachu unaobaki mdomoni baada ya utamu kupita. Vinakutana katika kazi ya mkono tu: vyote viwili humlazimu mpishi asimame na mwiko hadi mwisho, na vyote viwili huungua papo hapo akigeuka kuzungumza na jirani.

Ilianzia wapi?

Wagiriki na Warumi wa kale walihifadhi makwinsi katika asali, kwa kuwa asali ndiyo tamu waliyokuwa nayo kwa wingi. Sukari ndiyo iliyobadilisha mambo. Waarabu walipoitawala sehemu kubwa ya Hispania na Ureno waliingiza kilimo cha miwa, na mapishi ya Andalusia ya karne ya 13 tayari yanaeleza namna ya kupika makwinsi hadi yawe bonge zito. Wakati huo ilihesabiwa kuwa dawa kuliko kitindamlo. Matabibu waliiagiza kwa wenye tumbo dhaifu, na wauza dawa ndio waliokuwa wakiiuza.

Katika karne ya 15 Wareno walipanda miwa katika kisiwa cha Madeira, kwa jasho la watu huru na la watumwa, na kufikia karibu mwaka 1500 kisiwa hicho kilikuwa miongoni mwa wauzaji wakuu wa sukari barani Ulaya. Nchi iliyokuwa na mikwinsi nyumbani na sukari baharini ilikuwa na kila kilichohitajika, na marmelada, yaani peremende ya kwinsi ya Wareno yenye jina linalotokana na marmelo, ikaanza kusafirishwa katika visanduku vya mbao hadi kaskazini. Mwaka 1524 Mfalme Henry VIII wa Uingereza alipokea sanduku moja kama zawadi. Waingereza walihamia kwenye machungwa baadaye sana, na ndiyo maana mamaledi ya machungwa iliyoko leo katika maduka ya Nairobi na Dar es Salaam ina jina la tunda ambalo halimo ndani yake.

Watawa wanahusikaje na peremende hii?

Nchini Ureno nyumba za watawa wa kike zilikuwa jiko la nchi nzima kwa upande wa vitu vitamu, kwa sababu zilipata sukari, matunda na mayai kutoka kwa wafadhili na wapangaji wao, na zilikuwa na mikono mingi yenye subira. Maarufu kwa marmelada walikuwa watawa wa Odivelas, mji ulio karibu na Lisbon. Marmelada yao ni ile iitwayo nyeupe, ingawa kwa kweli ina rangi ya manjano iliyopauka. Siri yake ni kasi. Badala ya kupika tunda na sukari pamoja kwa saa nyingi, shira hupikwa peke yake hadi iwe nzito sana, nyama ya tunda iliyochujwa vizuri huongezwa ndani yake, na kazi humalizika kabla rangi haijapata muda wa kuamka. Kisha hukatwa vipande vya mraba na kuachwa vikauke juu hadi vifanye gamba jembamba la sukari.

Mwaka 1834 serikali ya Ureno ilivunja mashirika ya watawa wa kiume, na nyumba za watawa wa kike zikakatazwa kupokea wapya, zikafungwa moja baada ya nyingine kila mtawa wa mwisho alipofariki. Mapishi yao yalipitia mikononi mwa watumishi, jamaa na majirani hadi yakawa ya watu wote.

Kuna aina ngapi barani Ulaya?

Karibu kila nchi yenye mikwinsi ina yake. Hispania ina dulce de membrillo, ambayo pia huitwa carne de membrillo, na mji wa Puente Genil katika mkoa wa Córdoba unajulikana kwa viwanda vyake. Huuzwa kwa matofali makubwa ambayo muuzaji humkatia mteja kipande na kukipima, au katika mikebe ya bati.

Sicily ina cotognata, ambayo humiminwa katika vyombo vidogo vya udongo uliochomwa, vyenye michoro ya maua, samaki na nyota kwa ndani. Ikitolewa huwa na mchoro huo juu yake, kisha huachwa ikauke juani. Katika mji wa Lecce, kusini mwa Italia bara, iko pia na inaheshimika sana. Wahungari wana birsalmasajt, ambayo mara nyingi hutiwa vipande vya jozi ndani yake, na majirani zao wa Kroatia na Serbia wanayo iitwayo kitnikez, jina linalofanana na lile la Kijerumani, Quittenkäse.

Ya pekee ni cotignac ya Orléans, Ufaransa. Hii si bonge la nyama ya tunda. Hutengenezwa kwa maji ya kwinsi yaliyochujwa na kugandishwa, nyekundu na angavu, ndani ya kisanduku cha mviringo cha mbao nyembamba, chenye picha ya Jeanne d'Arc, msichana shujaa wa Ufaransa, kwenye kifuniko. Wenyeji husimulia kwamba alitunukiwa peremende hiyo alipoingia mjini mwaka 1429 ili kuuokoa na jeshi la Waingereza. Iwe hivyo au la, kisanduku chenyewe ni kidogo kiasi cha kukaa katikati ya kiganja, na mlaji huichota kwa kijiko au, kama hakuna anayemtazama, kwa ulimi.

Uturuki haina desturi kubwa ya bonge la kukata. Ayva tatlısı yao ni nusu za kwinsi zilizopikwa polepole katika shira yenye karafuu, pamoja na mbegu za tunda lenyewe, na huandaliwa na krimu nzito iitwayo kaymak. Anayepata nafasi ya kuila Istanbul wakati wa baridi asiikose.

Na huko Amerika ya Kilatini?

Huko ndiko inakoliwa kwa mapenzi makubwa pengine kuliko Hispania kwenyewe. Mexico huita ate de membrillo, na mji wa Morelia katika jimbo la Michoacán ni kitovu chake. Argentina na Uruguay huikata kipande na kukilaza juu ya kipande cha jibini. Waargentina huita vigilante, na Wauruguay huita Martín Fierro. Iko pia ndani ya pastafrola, keki bapa iliyofunikwa kwa vipande vya unga vilivyopishana, na ndani ya vitumbua vya ngano vya kukaanga viitwavyo pastelitos, ambavyo huliwa hasa tarehe 25 Mei katika sikukuu ya taifa ya Argentina.

Kuna habari moja ya Brazil ambayo msomaji wa Kiafrika hapaswi kuipita. Katika jimbo la Goiás, si mbali na mji mkuu Brasília, kuna jamii ya Mesquita, wazao wa Waafrika waliofanywa watumwa, ambao wanalima mikwinsi na kutengeneza marmelada iitwayo ya Santa Luzia. Mti uliotoka Uajemi, pishi lililotoka Ureno na sukari iliyoletwa kwa utumwa vimeishia mikononi mwa watu ambao babu zao walisafirishwa kutoka barani mwetu, na sasa marmelada hiyo ni urithi wao na njia yao ya kujipatia riziki.

Nitaitengenezaje nyumbani?

Chukua kilo mbili za makwinsi yaliyoiva, yenye manjano kamili na harufu, yasiyo na madoa laini. Yapanguse malaika kwa kitambaa chini ya maji yanayotiririka. Usijaribu kuyamenya wala kuyakata yakiwa mabichi kama huna kisu kizuri na mkono uliozoea, kwa kuwa nyama yake ni ngumu na kisu huteleza. Njia salama ni kuyachemsha mazima na ngozi zake, yakiwa yamefunikwa na maji, hadi ncha ya kisu iingie bila kulazimishwa. Kwa kawaida huchukua kati ya dakika 45 na saa moja na nusu, kulingana na ukubwa. Yakipoa, ngozi hutoka kwa vidole, na moyo wenye mbegu hukatwa kwa urahisi.

Nyama iliyobaki ipitishe kwenye chujio au isage kwa blenda hadi iwe laini, kisha ipime. Kila kilo moja ya nyama inahitaji gramu 800 hadi kilo moja ya sukari, pamoja na maji ya limau moja. Wapishi wa kale walitumia uzito sawa kwa sawa. Mimi naona gramu 800 zinatosha na uchachu wa tunda hubaki, lakini chini ya hapo peremende haigandi vizuri na haikai muda mrefu.

Sufuria iwe nzito kitakoni, ya chuma kisichoshika kutu au yenye enameli. Masufuria ya alumini tuliyozoea nyumbani hayafai kwa kazi hii, kwa sababu asidi na tanini za tunda huyashambulia, zikaacha ladha ya chuma na kuibadilisha rangi. Weka moto mdogo na ukoroge mara kwa mara hadi sukari iyeyuke yote, kisha endelea kwa saa moja hadi moja na nusu, na katika nusu saa ya mwisho usiuache mwiko. Rojo likishakuwa zito huanza kutoa mapovu mazito yanayopasuka na kuruka, na tone moja la sukari ya moto hushika ngozi na kuichoma vibaya. Tumia mwiko mrefu, zungushia mkono kitambaa, na watoto wakae mbali.

Dalili ya kuiva huwezi kuikosa. Ukiupitisha mwiko katikati ya sufuria, kitako huonekana kama njia iliyofyekwa, na rojo huchukua sekunde kadhaa kabla ya kujirudia. Baada ya muda mfupi zaidi huanza kujitenga na kuta za sufuria na kufuata mwiko bonge zima. Hapo limimine katika trei iliyotandikwa karatasi ya kuokea, kwa kina cha sentimita mbili hadi tatu, na ulisawazishe kabla halijaanza kushika.

Kisha lifunikwe kwa kitambaa chepesi na kuachwa mahali penye hewa kwa siku moja au mbili, likigeuzwa mara moja. Ushauri huu umeandikwa na watu wa nchi zenye hewa kavu. Mombasa, Tanga au Unguja hewa imejaa unyevu, sukari huuvuta unyevu huo badala ya kuuachia, na sisimizi hufika kabla ya peremende kukauka; huko tumia oveni kwa joto la digrii 50 hadi 60, mlango ukiwa umeachwa wazi kidogo, kwa saa kadhaa.

Mapishi mengine yanataka kipimajoto kifike digrii 105. Mbona yangu haifiki?

Huenda unaishi mahali palipoinuka. Vipimo hivyo ni vya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa digrii 100. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwa digrii 94 au 95 hivi. Anayesubiri 105 atakuwa ameishapika kupita kiasi na rojo lake litakuwa limeanza kuungua. Chemsha maji matupu kwanza, soma kipimajoto, kisha uongeze digrii tano juu ya namba uliyoipata. Namba hiyo inakuonyesha kwamba kuganda kumeanza. Kwa peremende ya kukatwa kwa kisu endelea kidogo zaidi, ukiitegemea dalili ya mwiko.

Sipati kwinsi. Naweza kutumia mapera?

Unaweza, na si udanganyifu. Wareno wenyewe walifanya hivyo walipofika nchi ambazo kwinsi haliko. Brazil wana goiabada, bonge la mapera linaloliwa na jibini jeupe kwa jina la Romeo na Julieta. Goa, koloni lao la zamani nchini India, wana perada, ambayo haikosekani kwenye sahani ya vitamu vya Krismasi. Wagoa wamekuwa na jumuiya zao Zanzibar, Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam kwa vizazi kadhaa, kwa hiyo anayetaka mwalimu wa pishi hili pengine hahitaji kusafiri mbali.

Kanuni ni ile ile, na tofauti zake ni ndogo. Mbegu za pera ni ngumu, hivyo lazima nyama ichujwe kwa chujio lenye matundu madogo. Mapera yaliyoiva sana hupoteza pektini, kwa hiyo changanya na machache ambayo bado hayajalainika. Asidi yake ni kidogo kuliko ya kwinsi, basi ongeza limau au ndimu. Utapata bonge la waridi au jekundu lenye harufu ya pera, lisilo na ule uchachu mkavu wa kwinsi. Tufaha na peasi pia hufanya kazi, lakini harufu yao hufifia mno kwa moto mrefu. Waargentina wana hata dulce de batata, yaani ya viazi vitamu, ingawa hiyo husaidiwa na agari, kigandishi kitokanacho na mwani, ili igande.

Je, ni halali, na je, wasiokula nyama wanaweza kuila?

Pishi la asili lina tunda, sukari na limau tu. Halina gelatini, yaani kigandishi kitokanacho na wanyama, kwa kuwa kinachogandisha ni pektini ya tunda, wala halina pombe, maziwa au mayai. Bidhaa za kiwandani huweza kuongezwa vitu vingine, kwa hiyo soma lebo. Ukiona gelatini bila maelezo ya ilikotoka, iache.

Mwenye kisukari anaweza kuila?

Zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari. Kipande cha gramu 30, ambacho kwa macho ni kidogo, kina sukari ya karibu vijiko vinne hadi vitano vya chai. Sifa zake za kale kama dawa ya tumbo hazibadilishi hesabu hiyo, na mwenye kisukari azungumze na daktari wake kabla ya kuizoea.

Mbegu za kwinsi ni sumu?

Zina amigdalini, ambayo hutoa sianidi mbegu ikitafunwa au kusagwa. Wapishi wengi huzifunga katika kitambaa na kuzichemsha nzima pamoja na tunda, kwa sababu zina ute na pektini, kisha hukitoa kifurushi na kukitupa. Kinachopaswa kuepukwa ni kuzisaga, kwa hiyo hakikisha moyo wa tunda umetolewa wote kabla ya kuwasha blenda.

Huliwa na nini?

Jibu la kwanza ni jibini. Chumvi na mafuta ya jibini huupoza utamu, na uchachu wa kwinsi huukata uzito wa jibini. Wahispania hutumia manchego, jibini gumu la maziwa ya kondoo, lakini jibini lolote gumu lenye chumvi linafaa, hata lile la kawaida linalouzwa katika maduka yetu. Kata vyote viwili vipande vyembamba vyenye unene sawa. Kosa la kawaida ni kuweka bonge kubwa la peremende juu ya jibini kidogo.

Huliwa pia na mkate mkavu, na jozi au korosho, au peke yake na kahawa chungu isiyo na sukari, na kwa kweli hilo la mwisho ndilo linalowafaa zaidi watu wa pwani yetu.

Nikinunua, nitambueje iliyo nzuri?

Tazama orodha ya viungo: tunda litajwe kabla ya sukari, au angalau ziwe karibu sawa. Asidi ya sitriki si dosari, kwani hufanya kazi ya limau. Kipande kikatike safi bila kushika kisu sana, na ukikishika kwenye mwanga, kingo nyembamba zipitishe mwanga kidogo. Chembechembe ndogo ulimini ni za kawaida kwa kwinsi na zinaashiria tunda la kweli. Laini kabisa kama jeli ya watoto mara nyingi humaanisha tunda kidogo na kigandishi kingi.

Hukaa muda gani, na ule weupe unaotokea juu ni nini?

Ikifungwa kwa karatasi na kuwekwa katika kopo mahali pakavu na baridi, hukaa miezi kadhaa. Nchi za joto ni afadhali jokofu. Weupe ulio mgumu na unaong'aa ni fuwele za sukari iliyojitenga, hauna madhara, na hupungua kama mpishi alitumia limau ya kutosha. Weupe au ukijani wenye manyoya ni ukungu, na hapo itupe yote, hata kama mama mkwe anasema kukwangua kunatosha. Matone ya maji juu ya kipande huonyesha kwamba ilitolewa jikoni mapema. Irudishe kwenye oveni yenye joto dogo.

Naweza kuibeba katika ndege?

Katika mzigo unaokaguliwa na kuwekwa chini, ndiyo. Katika mkoba wa mkononi ni bahati nasibu, kwa sababu viwanja vingi vya ndege huvihesabu vyakula laini vya kupaka pamoja na vimiminika, na afisa mmoja huiona peremende hii kuwa kitu kigumu ilhali afisa mwingine huiona kuwa jemu. Ifunge katika karatasi mbili na uiweke katika kopo la bati, kwa kuwa joto la mizigo huilainisha na ikilainika hushika kila nguo iliyo karibu nayo.